Viumbe Wasio na Wakwe

Nimekuwa nikisoma riwaya za viumbe wa sayari nyingine tangu nilipokuwa kidato cha pili, na sioni haya kulisema, ingawa wenzangu kwenye chumba cha walimu wanaona mwalimu wa biolojia mwenye mvi angekuwa amepata kitu kingine cha kusoma. Huzinunua mjini Kisii, kwa mwanamke mmoja anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai karibu na soko. Vingi havina jalada, vingine havina kurasa za mwisho, kwa hiyo kuna vita vya angani ambavyo mpaka leo sijui nani alishinda. Hilo halinisumbui. Vyombo vya angani na bunduki za miale huwa naviruka. Ninachokitafuta ni wale viumbe wenyewe: wanakula nini, wanaoana vipi, wanazikana wapi, wanaona aibu kwa jambo gani. Mwandishi akinipa kiumbe mwenye macho sita halafu akamfanya afikiri kama karani wa benki, kitabu chake nakifunga siku hiyo hiyo.

Nami nilikuwa naandika cha kwangu, kwa Kiswahili, kwenye madaftari ya shule. Nilikuwa nimeandika kwa miaka saba na aliyejua ni mke wangu peke yake. Viumbe wangu walikuwa na mikono minne na ngozi ya kubadilika rangi, na hapo ndipo maarifa yangu yalipoishia. Wakiingia nyumbani kwao walikuwa wanaishi kama wahadhiri wa Nairobi. Nilijua kuna kitu kinakosekana lakini sikujua ni kitu gani, mpaka nilipovunjika mguu na baba yangu akaja kukaa nje ya dirisha langu. Baba alinitengenezea kitabu, na kitabu hicho hicho kikakaribia kunikosanisha naye kabisa, wakati yeye anaelekea miaka themanini na sina baba mwingine.

Mguu niliuvunjia Nyanchwa, kwenye mteremko, siku ya mvua, nilipotupwa na bodaboda iliyokuwa inamkwepa ng'ombe. Ng'ombe hakuumia, mwendeshaji hakuumia, mimi muundi ulikatika mara mbili. Hospitalini nilikaa wiki mbili, na baba alikuja kutoka kwetu Tabaka mara nne kuniona. Aliingia wodini kofia mkononi, akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akaigonga plasta kwa kidole kama anayepima jiwe, akaomba dua ndefu iliyowafaidi wagonjwa wote wa upande ule. Nakumbuka kwamba alinishika mguu usio na plasta, akaukalisha vizuri chini ya blanketi. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili na sikukumbuka lini alinigusa mguu mara ya mwisho.

Nyumba ya kupanga tuliyokuwa nayo mjini ilikuwa ghorofa ya tatu, kwa hiyo nilipotoka hospitalini nilipelekwa nyumbani kwetu, kwenye nyumba niliyojenga bomani mwa baba nilipooa. Mke wangu hufundisha shule ya msingi ya karibu na hapo, na huondoka asubuhi na mapema. Mama yangu alifariki zamani. Basi mchana kutwa nilibaki mimi, magongo, na dirisha lenye nondo.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Mgusii yeyote atashangaa kwamba linahitaji kuelezwa. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mwana naye haingii chumba anacholala baba yake. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na ina mambo mengi ndani yake, ya maneno yasiyosemwa na macho yasiyotazama, lakini hili la mlango ndilo la kwanza. Hospitali si nyumba ya mtu, kwa hiyo pale baba aliweza kuketi kitandani pangu. Nyumbani hakuweza hata kuweka mguu kizingitini. Kuna wengi siku hizi wasiolijali, hasa waliojenga mjini. Baba yangu analijali.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilisikia kigoda kikiwekwa chini ya dirisha, kisha sauti ya baba ikinisalimu kwa Ekegusii.

“Bwakire, momura.” Momura ni kijana wa kiume.

“Bwakire, tata,” nikamjibu, yaani baba.

“Umelala?”

“Nimelala kidogo.”

Kisha nikasikia kisu kikikwangua jiwe. Baba ni mchongaji wa mawe ya sabuni, yale laini yanayochongeka kwa kisu, kama ilivyo nusu ya Tabaka. Amechonga twiga na vifaru wengi kuliko waliopo mbugani, na yeye mwenyewe hajawahi kumwona twiga. Alikuwa ameamua kuhamishia kazi yake chini ya dirisha langu mpaka nipone, na hakuniuliza kama napenda.

Siku ya pili alinipitishia kati ya nondo viboko watatu wa jiwe ambao hawajasuguliwa, kipande cha msasa, na akamwambia mke wangu aniachie beseni la maji kando ya kitanda. Kusugua mawe kwetu ni kazi ya wanawake na watoto. Nilimwambia hivyo.

“Wewe una mikono miwili na huna kazi,” alinijibu kutoka nje. “Sugua.”

Nikasugua. Maji yalikuwa meupe kama uji na kitanda kikawa na vumbi la jiwe mpaka kwenye shuka. Tulipoishiwa na mazungumzo ya migomba na ya kanisa, ambayo huisha upesi, aliniuliza kile kitabu nilichokuwa nacho kinasema nini. Nikasita. Baba ni mzee wa kanisa, Msabato tangu tumboni, na nilipokuwa shuleni aliwahi kuniambia kwamba vitabu vya uongo vinaharibu kichwa cha mtu. Nilimwambia, kwa kujikinga, kwamba kinahusu wakazi wa dunia nyingine.

Kisu kilinyamaza. “Walioasi, au wasioasi?”

Nilikuwa nimesahau. Wazee wa kanisa lao wanafundisha kwamba Mungu aliumba dunia nyingi, na nyingi zina wakazi, na iliyoingia dhambini ni hii yetu tu. Miaka thelathini na zaidi nilikuwa namficha baba yangu viumbe wa angani, naye alikuwa anaamini wapo, kwa uhakika kuliko mimi.

Nikaanza kumsomea. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Kiingereza, nami nilikuwa nafasiri papo hapo kwa Ekegusii, na palipokosekana neno naazima la Kiswahili. Nilidhani atashangazwa na mabawa na mapezi. Hayo aliyapokea bila swali, maana Mungu hana upungufu wa udongo. Maswali yake yalikuwa mengine kabisa. Nilipomsomea juu ya viumbe ambao ndoa yao ni ya watu watatu, mume, mke, na wa tatu asiye mume wala mke, aliniuliza ng'ombe wa mahari wanapelekwa boma lipi. Nikapekua kitabu kizima, mwandishi hakusema. Nilipomsomea juu ya wale ambao mawazo ya mmoja yanasikika kichwani mwa wote, alikasirika hasa.

“Baba anasikia anachowaza mwanawe?”

“Ndiyo.”

“Na mkwe anasikia anachowaza mkwewe?”

“Wote wanasikiana.”

“Basi hapo hakuna heshima. Watatazamana vipi? Hao waliasi, hata usiendelee.”

Siku nyingine nilimsomea kitabu ninachokipenda kuliko vyote, chenye kabila linaloishi ndani ya mawingu, sura nzima, kwa sauti, hadi koo likanikauka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wamependeza sana lakini si watu, kwa sababu hawana wakwe. Nikamuuliza wakwe wanahusu nini na mawingu. Akasema mtu asiye na mtu hata mmoja ambaye lazima amkwepe njiani, huyo hajui yeye ni nani. Mwandishi yule ana mashabiki dunia nzima, na ninavyojua hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Siku hiyo nilichukua daftari langu nikafuta kurasa arobaini. Nikajiuliza ni kitu gani kiwazuie viumbe wangu wasiingie nyumbani kwa wenzao, na jibu likaja lenyewe, labda kwa sababu ya konokono waliokuwa wanapanda ukuta wa dirisha kila mvua inaponyesha. Viumbe wangu sasa walitoa nyumba zao mwilini mwao. Kila mmoja akifika umri wa kuoa, ngozi yake inatoa utomvu unaoganda, na kwa miaka anajijengea kuta zilizo sehemu ya mwili wake, zenye hisia. Kuingia nyumba ya mtu ni kuingia ndani ya mtu. Mke anaweza, kwa sababu wanajenga pamoja na utomvu wao unachanganyika. Mtoto anaweza mpaka akue. Baba hawezi. Baba anaweka kiganja ukutani kwa nje, na mwanawe akiwa ndani anakihisi.

Nilimsomea baba hayo kwa Kiswahili, jinsi nilivyoyaandika. Sikumwambia nani ameandika. Akasema, “Huyu mwandishi amelelewa.” Nadhani alijua. Kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko yoyote niliyowahi kupata, na wiki ile nilisugua viboko kwa bidii bila kuambiwa.

Kisha likaja lile la wiki ya tano. Ilikuwa siku ya soko, majirani wote wameenda. Daftari langu lilikuwa mezani, upande wa pili wa chumba, nami nilikuwa nimechoka kuomba vitu niletewe. Nikashika gongo moja, nikaruka hatua tatu, na gongo likakanyaga maji ya beseni niliyokuwa nimeyamwaga mwenyewe. Nilisikia plasta ikipasuka kabla ya kusikia maumivu. Nilikuwa chini kwenye saruji, karibu na meza, uso umeelekea ukutani, na kila nilipojaribu kujigeuza giza lilinijia machoni.

Nilimsikia baba akiniita, “Momura! Momura!” Nikageuza shingo kidogo, nikauona uso wake kati ya nondo. Nilimwambia, “Tata, njoo.” Nakumbuka vizuri kwamba nilisema hivyo. Uso ukaondoka dirishani. Nikangoja mlango. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, ulikuwa umeegeshwa tu, na hata mbuzi wa jirani alikuwa anauweza. Baada ya hapo sina kumbukumbu nzuri. Kuna baridi, kuna kelele fulani nyuma yangu, kuna muda mrefu sana. Kisha nikaona viatu vya mke wangu.

Ilikuwa kama saa nzima. Baba alikuwa amekwenda kumwita mke wangu shuleni. Mfupa ulikuwa umehama. Nilirudishwa hospitalini, ukanyooshwa upya, nikapewa wiki sita nyingine.

Niliporudi nyumbani, kigoda kiliwekwa chini ya dirisha asubuhi iliyofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. “Bwakire, momura. Tulikuwa tumefika wapi?” Nikamjibu kwamba nina usingizi. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu ujana. Sikuweza kumeza kwamba mtu anayenipenda, na sikuwa na shaka kwamba ananipenda, alisimama hatua nne kutoka kwangu mlango ukiwa wazi, nikamwita, na akaenda zake kwa sababu ya desturi. Mke wangu sikumwambia. Baba sikumwambia. Mimi husema vibaya na huandika vizuri kidogo, kwa hiyo nikaandika.

Niliandika siku mbili. Ilikuwa sura ambamo mmoja wa viumbe wangu anaumia ndani ya nyumba yake, na kuta zake zinapoteza rangi, na baba yake anaona kuta zikififia, na mwana anaita. Baba anasimama nje. Niliifanya sentensi hiyo iwe fupi makusudi. Mikono minne, niliandika, na yote minne ameikunja. Mwana anakufa jioni, na baba anarudi kwake bila kufanya kosa lolote.

Siku ya tatu nilimwambia baba nina sura mpya. Alifurahi, nilisikia akisogeza kigoda. Nikamsomea yote, kwa sauti ya darasani, bila kuruka neno.

“Mikono minne?” aliuliza.

“Minne.”

“Na hakuna hata mmoja uliofanya kazi.”

“Hakuna.”

Nilimsikia akikusanya vifaa vyake ndani ya gunia, kimoja kimoja. Kigoda alikiacha. Hakusema waliasi wala hawakuasi.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya Sabato alipita njiani akielekea kanisani, nikasikia akimsalimu mke wangu kwa mbali kama inavyompasa mkwe, na hatua zake zikaendelea. Nilijiambia vizuri, ameusikia ujumbe. Siku ya tano sikuwa najiambia hivyo tena. Nilikuwa nalala nikisikiliza kama kuna kinachokwangua nje, na kila kuku akiparua nilikuwa nainua kichwa. Nilikuwa na hamu naye kweli. Nilianza kufikiria kwamba labda hivi ndivyo itakavyobaki, kwamba mzee wa umri ule anaweza kukaa amenyamaza mpaka mwisho, na kitu cha mwisho alichosikia kutoka kwangu kitakuwa ile sura.

Mvua ilikuwa haikatiki wiki ile. Mke wangu alirudi kutoka shuleni amelowa, akasema baba anakohoa, analala tu, na uji ameurudisha nusu. “Kesho nitampelekea koti lake,” akasema. “Baridi hii, na koti liko kwetu.”

“Koti lipi?”

Akaonyesha nyuma ya mlango. Lilikuwa pale, koti zito la kijivu la baba, nililokuwa nikiliona kila siku tangu niliporudi hospitalini. Nilidhani mke wangu amelichukua alishone kola, maana kola ilikuwa imechanika.

“Lile ulilofunikwa nalo,” akasema.

“Si wewe ulinifunika?”

Aliniangalia kama anavyowaangalia wanafunzi wake. “Mimi nilikukuta umefunikwa. Nilidhani unajua.”

Kisha akanieleza, huku akikamua sketi yake, bila kujua anachonifanyia. Alipoingia siku ile, koti lilikuwa juu yangu kutoka mabegani mpaka kiunoni, na mti wa kuegemezea migomba, wenye panda, ulikuwa umelala chumbani, ncha moja karibu na mgongo wangu na nyingine bado iko nje ya dirisha. Yeye aliuchomoa akaurudisha shambani. Akaniambia pia jinsi baba alivyofika shuleni. Alikuwa na buti moja ya mpira, nyingine imebaki kwenye tope la mtoni. Alisimama langoni akashindwa kusema, na kwa sababu hakuweza kumkaribia mkwewe mbele za watu, akamshika bawabu mkono akawa anamwonyesha kwa kidole tu, mke wangu aliye darasani, kisha njia ya nyumbani, kule, kule. Baba yangu ana magoti ambayo hayapandi ngazi za kanisa bila kushikwa.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, na jambo likinishinda kuamini huwa nalijaribu. Nilimwomba mke wangu alete ule mti. Nikatoka kwa magongo, polepole, nikasimama nje ya dirisha mahali pa kigoda. Yeye aliweka mto sakafuni pale nilipokuwa nimeanguka. Nikatundika koti kwenye panda, nikapitisha mti kati ya nondo, nikajaribu kuufunika mto.

Mara ya kwanza koti lilianguka kitandani. Mara ya pili lilikwama kwenye mguu wa meza. Nondo zinabana mkono, huwezi kuinua kiwiko, na mti wenyewe ni mzito mbele, kwa hiyo unatetemeka kadiri unavyousukuma. Ukifika, lazima uzungushe panda ili koti lichomoke, na likichomoka halitandiki, linaanguka fundo. Inabidi uliguse tena kwa ncha, ulivute huku na huku. Kila lilipoanguka vibaya ilibidi nilinase kola kwa panda nilirudishe, na hapo nikaelewa kola ilichanikaje. Sikuhesabu mara ngapi nilijaribu. Mabega yalikuwa yanawaka, mke wangu ameketi kitandani, na nilipofaulu kufunika ule mto, nusu tu, nilikuwa nalia na sikujali nani anapita njiani.

Kelele niliyoisikia nyuma yangu siku ile ilikuwa hiyo. Ilikuwa mti ukigonga sakafu, tena na tena, kabla baba hajaanza kukimbia.

Usiku ule sikuandika chochote. Asubuhi niliirarua ile sura nikaandika nyingine, fupi, kurasa tatu. Baada ya chakula cha mchana nilivaa koti la baba juu ya langu ili nisilibebe, nikamwambia mke wangu achukue mti na daftari, tukavuka uwanja wa boma. Zilikuwa hatua kama sitini na zilinichukua muda mrefu kuliko njia ya Tabaka hadi Kisii.

Sebuleni kwa baba naruhusiwa. Mlango wa chumba chake ulikuwa umeegeshwa, na nilimsikia akikohoa nyuma yake, kikohozi kikavu cha mtu asiyetaka kusikika. Nilisimama pale kidogo. Ningeweza kuusukuma kwa kidole. Nikajua kwamba nikiingia nimwone amelala na shati la ndani, hatakuwa na pa kuyaweka macho yake, leo wala siku nyingine, na kwamba hilo lingekuwa zawadi yangu kwangu mwenyewe. Nilijua pia jinsi inavyouma kusimama hapo. Nikatoka nje nikazunguka mpaka dirishani kwake. Mke wangu aliniletea kile kigoda, akaniachia vitu, akaenda zake, kwa sababu hapo si mahali pake.

“Tata,” nikaita.

“Nani amekutoa kitandani?”

“Nimejitoa.”

“Utavunja tena.”

“Nimekuletea koti.”

Nikalivua, nikalitundika kwenye panda, nikapitisha mti kati ya nondo. Ndani kulikuwa na giza na sikuangalia ndani. Nilitazama ukuta, nikasukuma taratibu, mpaka nikahisi mti umekuwa mwepesi.

“Kola imechanika,” akasema baada ya muda.

“Ni wewe uliyeichana.”

“Najua.”

Mvua ilikuwa imetulia. Nikafungua daftari nikamwambia kwamba mwandishi amebadilisha ile sura. Nikasoma. Kuta za mwana zinafifia, mwana anaita. Baba hawezi kuingia. Anavua ngozi yake ya juu, ile wanayovaa wazee wakati wa baridi na ambayo ikishatoka haioti tena haraka, anaitundika kwenye ncha ya mti, na kwa mikono yote minne anausukuma mti kupitia tundu la hewa. Ngozi inaanguka vibaya, anairudisha. Inaanguka vibaya tena. Mwana ameelekea ukutani na hajui. Anadhani yuko peke yake, na anamchukia baba yake kwa muda mrefu, na hapo niliandika kwa maneno hayo hayo kwamba mwana alikosea na anaomba asamehewe. Hakuna pambo katika sura hiyo. Sauti yangu haikuwa ya darasani.

Nilipomaliza nilisikia kitanda kikilia, kama mtu anayejigeuza kuelekea dirishani.

“Hao ni wale wale wa juzi?” akauliza.

“Ni wale wale.”

Akakohoa. Nikasikia koti likivutwa na kupangwa.

“Basi soma tena,” akasema, “kuanzia pale kwenye mti. Hapo sikusikia vizuri.”

Alikuwa amesikia. Nikarudisha ukurasa, nikasogeza kigoda karibu na ukuta, nikasoma tena.